Joto Lisilo na Moto

Ukimkuta mama mmoja wa makamo amekaa kwenye kiti cha watu, kavaa ovaroli ya bluu iliyopauka, viatu kavivua mlangoni, macho kayafumba na viganja kavilaza magotini, usimwamshe. Hajalala huyo. Anasubiri joto liingie. Mtaa mzima unamwita Fundi Sinzia, naye jina hilo amelipokea kwa roho safi, maana anawajua majirani zake na anajua wangeweza kumpa baya zaidi.

Kazi yake ni kufunga pampu za joto. Usitishwe na jina. Nje ya nyumba kunakaa kisanduku cha bati chenye feni kubwa, ndani kunakaa kingine chembamba, juu karibu na dari, na kati yao kunapita bomba mbili za shaba zilizovishwa sponji. Basi. Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna majivu ya kwenda kumwaga asubuhi. Kisanduku cha nje kinachota joto lililomo kwenye hewa, hata hewa ile ya alfajiri inayouma masikio, kinalikusanya na kulisukuma ndani. Msimu wa jua kali ukifika, mashine ileile inageuza njia: inachota joto lililojazana chumbani na kwenda kulimwaga nje. Hili la pili watu hulielewa upesi, kwa kuwa viyoyozi wameviona benki. Lile la kwanza ndilo linalowatoa macho.

"Joto kwenye hewa ya baridi?" humuuliza. "Fundi, leo umeamka kweli?"

"Baridi nayo ni joto," huwajibu, "ila dogo. Na dogo ukilikusanya kwa subira linatosha chumba."

Wengine huondoka wakitikisa kichwa. Yeye habishani nao. Anaamini joto lina tabia ya mtu mwenye haya: lipo siku zote, ila halijitokezi mpaka liitwe. Kwa hiyo akishafunga nati ya mwisho, akishasoma geji zake, akishaweka ncha ya bisibisi kwenye kompresa, ule moyo wa mashine, na mpini sikioni kuisikiliza inavyoguguma, huomba kiti. Anakaa katikati ya chumba na kufumba macho. Kuna wateja waliodhani anasali, wakanyamaza kwa heshima. Kuna bibi mmoja aliyemfunika shuka na kuwakataza wajukuu kelele. Joto huanza kumgusa kwenye paji la uso, likateremka shingoni, likapita mabegani na mikononi, na linapofika kwenye vifundo vya miguu yeye hufumbua macho, husema, "Limefika," kisha hufunga mkoba wake na kuaga.

Dakika zile za kusubiri ndizo mshahara wake halisi, ingawa hawezi kumwambia mtu. Akiwa amefumba macho huliona joto linakotoka. Huliona limelala juu ya mabati yaliyopigwa na jua jana, huliona likitoka kwenye pumzi za watu waliosimama foleni kituoni, kwenye ngozi ya farasi wa muuza maji, kwenye mlango wa tanuri la mwokaji unaofunguliwa na kufungwa. Vijoto vidogo vya watu wasiojuana, vimetawanyika hewani, havina pa kwenda. Halafu feni inaanza kuzunguka na vyote vinageuka na kuja, polepole, kama wageni walioitwa ndani. Mara nyingine husahau yuko nyumba ya nani.

Si kwamba ni mtu wa ndoto tu, la. Mshonaji anayekaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati, alikuwa msimu wa jua akishona huku jasho likilowesha vitambaa vya wateja. Fundi akamfungia mashine. Siku ya pili mshonaji akamsimamisha barabarani, akamshika mikono yote miwili.

"Fundi, jana mchana nimelala! Mimi! Nimelala mchana nikaota naogelea."

"Na nguo za watu?"

"Zitasubiri. Na wewe usinisemee."

Sasa mtu huyu, aliyewapa usingizi na joto nusu ya mtaa, alishindwa na nyumba moja tu, nayo ilikuwa ya baba yake mzazi.

Baba yake alikuwa mchochea moto. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha chini ya hospitali, kwenye chumba cha boila, akilisha makaa ya mawe kwa beleshi ili juu kuwe na mvuke na maji ya moto. Hata leo, mzee aliyestaafu, mabega yamemshuka, hukaa kizingitini na kumwambia yeyote apitaye, "Wewe ulioshwa kwa maji yangu. Ndiyo, wewe. Kila mtoto aliyezaliwa mji huu nilimchemshia mimi." Na ni kweli. Hata binti yake huyu alioshwa kwa maji hayo, na mzee akaambiwa habari za kuzaliwa kwake akiwa na beleshi mkononi, kwa sababu moto haukuwa na mtu mwingine wa kuuachia.

Lakini makaa yale yalimwingia kifuani, na hayakutoka. Alipostaafu aliendelea na jiko lake la chuma sebuleni, la kuni, na dohani yake iliyopinda inayorudisha moshi ndani kila upepo unapobadilika. Akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Mwanzoni mwa baridi hii binti alimpeleka kwa daktari. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akaweka vifaa chini, akasema bila kuzunguka:

"Mzee wangu, hapa ndani hakuna tena nafasi ya moshi. Ukiendelea na jiko hilo, baridi hii huimalizi."

Njiani binti alitazama mbele tu, akihesabu moyoni bomba atakazohitaji.

Pampu aliyomfungia baba yake ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Bomba alizipinda kwa mkono, taratibu, hata kona moja isionekane imelazimishwa. Kisanduku cha nje alikiweka nyuma ya nyumba, penye uchochoro unaopitisha hewa vizuri. Mzee alimzunguka muda wote, mikono nyuma, kama msimamizi.

"Na hiki unakilisha nini?"

"Hakili, baba. Kinavuta hewa tu."

"Sijawahi kuona kitu kisichokula kikafanya kazi. Hata wewe nilikulisha kwanza."

Joto lilipofika vifundoni, fundi alifumbua macho, akasema limefika. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake kinachoelekea jiko, amekunja uso. "Nimelisikia," alijibu shingo upande. Akakubali kutolichochea jiko tena. Ila alikataa litolewe. "Mwache mzee mwenzangu akae hapo alipo. Hamsumbui mtu."

Haikupita wiki, simu ikalia. Alikuwa shangazi, dada yake mzee, anayekaa nyumba ya ng'ambo ya barabara na ambaye dirisha lake halijawahi kufungwa pazia.

"Mwanangu, nikuulize kitu usinikasirikie. Hiyo mashine yako inavuta sigara?"

"Kwa nini, shangazi?"

"Dohani ya kaka yangu inafuka moshi tangu alfajiri. Na yeye anakohoa mpaka mimi huku naona vibaya."

Fundi aliacha chai mezani. Alimkuta mzee mbele ya jiko, machozi ya kikohozi yakimtoka, moto unawaka vizuri sana, kama kila moto alioushika.

"Mashine yako imekufa," mzee alisema alipopata pumzi. "Nimeamka nyumba imekuwa barafu. Ulitaka nigande?"

Nyuma ya nyumba kisanduku kilikuwa kimevaa barafu nene, uso mzima, feni imekwama. Sasa, mashine hizi kuota ukungu wa barafu si ajabu. Kila baada ya muda hujipasha zenyewe, barafu ikayeyuka, mvuke ukapanda, zikaendelea na kazi. Lakini hii ilikuwa imezidiwa. Fundi aliiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu, akapima gesi inayozunguka ndani ya bomba, akasikiliza kompresa. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Mashine ikawaka, ikafanya kazi mchana kutwa bila kinyongo. Asubuhi iliyofuata dohani ikafuka tena.

Akabadilisha kihisi, kile kidude kinachoiambia mashine kwamba barafu imezidi. Ikaganda. Akabadilisha waya zake. Ikaganda. Akalala chali kwenye ubaridi wa uchochoro, tochi mdomoni, akitafuta tundu, mpasuko, chochote. Shangazi alikuwa akipita na kapu lake kila mara na kusema, "Endelea mwanangu, ukimaliza hapo njoo uniangalie na mimi mgongo." Fundi hakuweza hata kumjibu utani. Kikohozi cha mzee kilikuwa kimebadilika sauti. Kilitoka mbali zaidi, na baada yake kulikuwa na ukimya uliomtia hofu.

Kitu kimoja hakumwambia mtu. Kwenye nyumba za wateja alikuwa bado anaomba kiti, bado anakaa, lakini akifumba macho haoni kitu. Haoni mabati wala foleni wala mlango wa mwokaji. Anasikia kikohozi tu. Joto lilikuwa linafika na yeye hana habari, mpaka mwenye nyumba amguse bega. Aliogopa. Aliona ule uchawi mdogo wa kazi yake umemponyoka, na baba yake anaondoka nao.

Siku moja alimaliza kazi mapema. Jua lilikuwa linazama, hewa imetulia, ukungu mwembamba umeanza kukaa chini kabisa mwa barabara hivi kwamba watu walionekana wanatembea bila miguu. Mkobani alikuwa na kifaa kipya, tumaini lake la mwisho. Badala ya kupita mbele, ambako shangazi angemweka kwa maneno, alipita uchochoroni.

Baba yake alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku. Kando yake palikuwa na magunia mawili na blanketi la kitandani kwake, lile la miraba. Alitandaza gunia la kwanza juu ya bati, akalivuta pembeni, akalisawazisha. Akatandaza la pili mbele, usoni mwa feni. Kisha akalitandika blanketi juu ya vyote, akalichomeka chini na pembeni, kwa wepesi usiofanana na mikono ile minene. Akakipigapiga kisanduku mgongoni.

"Haya, pumzika," alisema. "Umefanya kazi. Kesho tena."

Fundi alisimama pale na mkoba wake. Alitaka kupiga kelele, na alitaka kucheka, na hakufanya lolote, kwa sababu alikuwa amekumbuka. Utotoni alipokuwa akimpelekea baba chakula, alimkuta mwisho wa zamu akifanya kitu hikihiki. Mchochea moto haondoki akauacha moto unawaka ovyo, wala hauzimi. Anaulaza. Anasogeza makaa pamoja, anayafunika majivu kwa beleshi, taratibu, pande zote, mpaka wekundu wote umezama, na moto unalala humo ndani na joto lake, mpaka mwenzake wa asubuhi aje aufunue. Asiyelaza moto huitwa mvivu, na mzee hakuwahi kuitwa mvivu hata mara moja.

"Baba," alisema. "Unafanya nini?"

Mzee aligeuka bila kushtuka. "Nailaza," alisema, kama mtu aliyeulizwa leo siku gani. "Wewe umefundishwa na nani kuacha kitu kinafanya kazi usiku kucha nje, hakina hata wa kukifunika? Kila jioni nailaza mimi. Alfajiri naifunua."

"Na alfajiri unaikuta imeganda."

"Naikuta imeganda. Nikasema huenda blanketi halitoshi. Ndiyo nikaongeza gunia."

Fundi alikaa chini palepale, kwenye baridi. Alicheka, kweli alicheka, mpaka kicheko kikageuka na yeye akafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Baba, hii haina moto wa kulaza. Haina kitu ilichokihifadhi ndani. Usiku kucha inavuta hewa, inachota kidogo, inaleta, inachota tena. Ukiifunika umeiziba pua. Inahangaika, inakosa hewa, inaganda."

Mzee alitazama blanketi, halafu mikono yake.

"Nimekuwa nikiikaba."

"Ndiyo, baba."

"Sikujua." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Ningejua nisingeifanyia hivyo. Mimi najua kukabwa kulivyo."

Akaanza kulitoa blanketi. Binti akamsaidia na magunia. Feni ilipopata hewa ilisita, ikakoroma, kisha ikazunguka, na mzee akasogea pembeni kuipisha, kama mtu anayempisha mgonjwa anayetoka hospitali.

"Nikwambie jambo jingine," alisema, bado anaitazama. "Kila alfajiri nilipoikuta imekufa, nilikuwa nafurahi kidogo. Usinitazame hivyo. Nilifurahi. Nilisema, haya, amka mzee, unahitajika. Tangu nipate akili zangu, mtu akiota joto ndani ya nyumba hii ni mimi niliyelileta. Mama yako ameondoka duniani na miguu ya moto, na ni mimi. Sasa linakuja lenyewe kutoka hewani, halibishi hodi, haliniulizi. Mimi nikae tu niangalie ukuta?"

Fundi alikuwa na spana za kila namna mkobani, na hakuna hata moja ya kufungua hapo. Alimshika mkono, wakaingia ndani.

Sebuleni kulikuwa kunanukia moshi wa asubuhi. Mzee alipiga magoti mbele ya jiko, akafungua kimlango chake. Makaa yalikuwa yamelala chini ya majivu, kama alivyoyaacha. Alikaa akiyatazama. Katika maisha yake yote alikuwa amewasha mioto isiyohesabika, amelisha, amechochea, amelaza, kuzima hakuwahi. Hata siku aliyostaafu boila alilikabidhi kwa mwenzake likiwaka. Binti alilijua hilo, ndiyo maana hakumwomba. Alisimama mlangoni akijibana mikono kwapani, akitamani na kuogopa.

Mzee alichukua chuma chake, akayafunua makaa, akaanza kuyatenganisha. Moja huku, jingine kule, mbalimbali, lisipate la kuegemea. Makaa yakiwa peke yake hayakai. Yalififia moja baada ya jingine, mekundu yakawa ya kijivu, na chumba kikaingia giza la jioni. La mwisho lilichukua muda. Mzee alilingoja lote. Kisha akafunga kimlango, akajishika goti, akainuka.

Nyumba ilikuwa baridi kweli kwa kitambo. Nje mashine ilikuwa ikijiyeyusha, maji yanadondoka kwenye saruji, mvuke mweupe unapita dirishani na kupotea kwenye ukungu. Halafu bomba zikalia kidogo ukutani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Binti alimwona akiinua uso taratibu, macho yamefumbika yenyewe, joto likimpita kwenye paji, likimshukia mashavuni, likimwingia kwenye kola ya shati. Safari hii fundi hakufumba yake. Hakutaka kukosa hata kidogo.

"Hakuna harufu," mzee alisema.

"Hakuna, baba."

Alikaa. Akainuka, akaenda mpaka kwenye sanduku la kuni, akakuta mkono wake umeshashika gogo. Akalirudisha. Akarudi kitini, akaweka mikono magotini, akaiondoa, akaiweka tena. Ilikuwa mikono mikubwa, imekaa bila kazi, na binti alishindwa kuitazama.

"Sasa mimi nifanye nini?" mzee aliuliza. Hakuwa anatania.

"Pumua, baba."

"Hiyo nayo ni kazi?"

"Kwako wewe ndiyo kazi."

Mzee aliwaza hilo. Akajiweka sawa kitini, akanyoosha mgongo kama mtu siku ya kwanza kazini, akavuta pumzi. Ikakwama katikati. Akangoja, akavuta nyingine.